Samaki wanakufa kwenye akwariamu mpya? Kabla hujanunua dawa jiulize wamekufa lini

Watu wengi wakiona samaki kaelea tumbo juu wanakimbilia dukani kutafuta dawa, na muuzaji naye hana hiyana, anakupa kichupa cha bluu, unamimina, kesho yake wanaondoka wengine wawili. Aisee tulia kwanza. Kwenye tenki changa mara nyingi shida sio ugonjwa, ni maji, na maji yana tabia ya kuua kwa ratiba. Ukijua samaki wamekufa siku ya ngapi, saa ngapi, na walikuwa wanafanya nini kabla ya kufa, umeshapata nusu ya jibu, hata kama huna kipimo chochote ndani ya nyumba.

Ntachukulia una tenki la saizi ambayo wengi wanaanza nayo, sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Zidisha hizo namba tatu ugawe kwa 1000 unapata lita 54, toa kokoto na mawe unabaki kama na 45 hivi. Hayo ni maji kidogo sana, na tenki dogo halikusamehe kitu, tofauti na watu wanavodhani eti dogo ndo rahisi kwa anayeanza.

Wamekufa siku ile ile, au usiku wa kwanza

Hapa kuna sumu au mshtuko, hamna kingine. Anza na klorini. Maji ya bomba mjini yanatiwa klorini ili wewe usipate kipindupindu, na kiasi kinachokuwa salama kabisa kwako kwenye glasi kinatosha kuunguza matamvua ya samaki, yale mashavu mekundu anayohemea. Ukijaza tenki moja kwa moja kutoka bombani ukatia samaki saa hiyo hiyo, utawaona wanaruka ruka, wanakimbia ovyo, afu wanatulia chini wanahema haraka haraka. Dawa yake ni ya bure: weka maji kwenye ndoo zisizofunikwa masaa 24, na kama una pampu ya hewa itie humo yaende haraka zaidi. Tahadhari moja, miji mingine duniani inatumia kloramini badala ya klorini, na hiyo haitoki kwa kuacha maji yakae, lazima utumie ile dawa ya matone ya kutoa klorini, kwaiyo msomaji uliyeko Ulaya au Marekani usifuate hii ya ndoo kabla hujauliza kampuni ya maji ya kwenu.

Pili, hiyo ndoo ni ya nini? Kama ndo ile ya kufulia, sabuni imeshaingia kwenye plastiki na haitoki kirahisi. Nunua ndoo mpya, iandike kwa maka peni SAMAKI, na uwaambie wote nyumbani.

Tatu, dawa ya mbu ya kupuliza. Hii inaua samaki wengi sana na watu hawaiwazii kabisa. Zile dawa nyingi zina sumu za jamii ya pairethroidi, kwa mtu ni nafuu ila kwa samaki ni kali kupita maelezo, na pampu ya hewa inanyonya hewa ya chumbani inaisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Unapuliza saa moja jioni, unafunga mlango, saa nne unakuta wote wamelala ubavu. Kama lazima upulize, zima pampu, funika tenki vizuri na nailoni, fungua madirisha baadae, ndo uwashe tena. Mi nashauri sebule yenye samaki itumie nyavu za dirishani tu, yaishe.

Nne, kama tenki umechongewa na fundi vioo, muulize katumia silikoni gani. Zile za bafuni na jikoni huwa zina dawa ya kuzuia ukungu na hiyo dawa ni sumu kwa samaki. Inatakiwa silikoni ya kawaida isiyo na dawa, ile inayonuka siki wakati inakauka, na uiache siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, kisha jaza maji, acha siku moja, mwaga, ndo uanze. Fundi atakwambia kesho tu unatia samaki, msikilize kwa heshima afu fanya ya kwako.

Mwisho kwenye kundi hili ni joto. Samaki kasafiri kwenye mfuko toka dukani kwenye daladala, maji ya mfuko yamepata moto, unammwaga kwenye maji ya baridi. Acha mfuko uelee juu ya maji ya tenki dakika 15 au 20, uwe unaongeza maji ya tenki kidogo kidogo humo ndani, mwishoni umtoe samaki na kachujio. Maji ya mfuko usiyamwage kwenye tenki, yamejaa uchafu wake wa safari nzima.

Siku tatu nne walikuwa wazima, afu wameanza kufa

Hapa ndo kaburi la wanaoanza. Samaki anakula, anakunya, na anatoa amonia kupitia matamvua, chakula kilichobaki nacho kinaoza kinatoa amonia. Kwenye tenki lililokomaa kuna bakteria wanaokaa kwenye sponji ya filta na kwenye kokoto, kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia vizuri mpaka ubadilishe maji. Tenki jipya halina hao bakteria. Wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujaa, na hamna njia ya kuwakimbiza kwa nguvu zaidi ya kuazima sponji chafu kwenye tenki la mtu mwingine lenye samaki wazima. Hiyo sponji chafu ina thamani kuliko vichupa vyote vya dukani, ukiwa na rafiki anafuga mwombe kipande, weka ndani ya filta yako kikiwa bado kimelowa.

Dalili za amonia: samaki wanakosa hamu ya kula, wanakunja mapezi, wanakaa chini au pembeni peke yao, matamvua yanakuwa mekundu sana kama yamewaka, wengine wanahema juu. Kawaida inaanza siku ya tatu ya nne mpaka wiki ya pili hivi. Ikipita hiyo inakuja nitriti, wiki ya pili mpaka ya nne au tano, na hii inaharibu damu isibebe oksijeni, kwaiyo unaona samaki anahema kama kakimbia marathoni wakati mapovu ya pampu yamejaa tele, na ukiangalia matamvua rangi yake imeenda kwenye udongo badala ya wekundu.

Cha kufanya ni kilekile kwa yote mawili. Badilisha robo mpaka theluthi ya maji leo, rudia kesho, na kesho kutwa, kwa maji yaliyolala. Punguza chakula, hata siku mbili bila kula samaki mkubwa hafi, anakufa kwa kushibishwa. Kwa nitriti ongeza chumvi ya kawaida, gramu moja kwa lita inasaidia sana kwa sababu chumvi inazuia nitriti isiingie kwenye damu kupitia matamvua, ila kama una mimea au kambare wadogo wa mapambo nenda taratibu maana hawaipendi. Na usiguse filta! Watu wakiona mambo mabaya wanaosha kila kitu, sponji inapigwa sabuni, kokoto zinachemshwa, wanaanza upya kabisa, yaani wanarudi siku ya kwanza kila Jumamosi na wanashangaa miezi mitatu imeisha samaki bado wanakufa. Sponji inakamuliwa tu kwenye ndoo ya maji uliyotoa humo humo kwenye tenki, inarudi ikiwa bado na rangi ya chai.

Kuna jambo la maji ya kisima ambalo watu wa Dar na pwani kwa ujumla lazima walijue. Visima vingi huku maji yake ni magumu, yaani yana madini mengi, na yana chumvi chumvi, na pH yake, kile kipimo cha asidi ambacho 7 ndo katikati na chini yake ni asidi, kwenye visima vingine iko juu ya 7. Amonia kwenye pH ya juu inakuwa kali zaidi, ukitoka pH 7 kwenda 8 ile sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi, na joto letu linaiongezea. Kwaiyo tenki la Mbagala lenye maji ya kisima na nyuzi 30 halina nafasi ya mchezo kama lile unaloliona kwenye video za Wazungu. Kwa upande mwingine maji hayo samaki wadogo kama gapi, moli na plati wanayapenda sana, kwaiyo badala ya kupigana nayo kwa dawa za kushusha pH chagua samaki wanaoendana nayo. Neoni tetra, yule mdogo mwenye mstari wa bluu, asili yake mito ya Amazon yenye maji laini, kumlazimisha kwenye maji ya kisima cha chumvi ni kumtesa.

Usiongeze ugumu mwenyewe pia. Makombe, vipande vya matumbawe na mchanga wa beach vinapendeza ila ni chokaa, vinapandisha pH. Jiwe lolote usilolijua lidondoshee siki, likitoa povu liache nje.

Wanahema juu ya maji

Dalili moja, sababu nyingi, ndo maana watu wanakosea. Jaribu hivi: ongeza hewa, washa pampu ya pili au chota maji na kikombe uyamwage toka juu kwa dakika kumi. Wakishuka na kutulia, shida ilikuwa oksijeni. Wasiposhuka, rudi kwenye amonia na nitriti, badilisha maji. Angalia na nani anahema. Kama wote wanahema ila beta, yule samaki mpiganaji, yuko sawa tu, ni dalili nzuri ya kukosa oksijeni majini, kwa sababu beta anavuta hewa ya juu moja kwa moja.

Wakihema alfajiri tu afu mchana wanakuwa sawa, ni mimea mingi au maji ya kijani, usiku mimea inatumia oksijeni badala ya kutoa. Wakihema mchana wa Januari na Februari ni joto, maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 20, kama miligramu 7.5 kwa lita dhidi ya 9. Goldifishi ndo anaumia zaidi hapa, yeye ni samaki wa maji ya baridi, Nairobi au Njombe atakaa bila hita na atafurahi, Dar mpe hewa nyingi na feni ipulize juu ya maji. Hita kwa Dar ni kutupa hela bure karibu mwaka mzima, ila Nairobi mwezi wa saba usiku ukiwa na gapi bila hita utawaona wamejikunja.

Umeme ukikatika: lisaa limoja mawili usihangaike. Ukizidi masaa manne, hasa samaki wakiwa wengi, anza kuchota na kumwaga, au uwe na ile pampu ndogo ya betri. Usiwape chakula mpaka umeme urudi. Na hiki watu hawakijui, filta ya boksi iliyofungwa, ya nje au ya ndani, ikikaa nusu siku bila maji kupita, bakteria ndani wanakufa kwa kukosa hewa, na umeme ukirudi inatapika uozo wote kwenye tenki. Ifungue kwanza, inuse, ikinuka yai bovu isuuze ndo uiwashe. Kwa mazingira ya mgao mi naona sponji ya kawaida inayoendeshwa na pampu ya hewa inashinda filta nyingi za bei mbaya, ni chee, iko wazi majini, na pampu ya betri inaiendesha vizuri tu.

Maji yamebadilika rangi

Meupe kama yametiwa maziwa kidogo, wiki ya kwanza: bakteria wa majini wamelipuka, yanajisafisha yenyewe siku kadhaa, punguza chakula, usiyamwage yote. Yakiwa ya vumbi tangu dakika ya kwanza basi hukuosha mchanga, mchanga wa mto unaoshwa mpaka maji ya ndoo yawe safi kabisa. Ya rangi ya chai: gogo uliloweka, halina madhara. Vumbi la kahawia kwenye vioo ni la tenki jipya, futa tu, linaisha lenyewe. Ya kijani kama juisi ya parachichi: jua. Tenki liko dirishani au taa inawaka toka asubuhi mpaka usiku, sogeza tenki, taa masaa 6 mpaka 8 yanatosha, badilisha maji kidogo kidogo, ukishindwa kabisa funika na shuka siku tatu.

Wanakufa mmoja mmoja, wiki kwa wiki

Kama maji yako sawa basi angalia nani anaishi na nani. Dukani wote wana urefu wa kidole. Oska anafika sentimita 30 na anameza chochote kinachoingia mdomoni, pleko yule wa kunyonya vioo aina ya kawaida anapita 30 pia, goldifishi wa kawaida anaenda 20 na kuendelea. Hakuna hata mmoja kati yao wa lita 54.

Halafu kuna hawa wetu. Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika zinasifika dunia nzima kwa samaki wa mapambo, watu Ujerumani huko wanalipa hela ndefu kwa frontosa na trofeo wa Tanganyika, kwaiyo Mtanzania akianza kufuga naye anataka wa nyumbani, jambo zuri kabisa. Na kwa maji wanatufaa, Nyasa pH yake inazunguka 8, Tanganyika inakaribia 9, kisima chako hakiwatishi. Tatizo ni tabia. Mbuna, wale wa mawe wa Nyasa wa njano na bluu, ni wagomvi wa kutisha, ukimweka na gapi asubuhi hukuti mkia. Wanahitaji tenki kubwa, lita 200 ndo pa kuanzia kuongea, mawe mengi ya kujificha, dume mmoja kwa majike kadhaa wa aina moja, na chakula cha majani majani. Ukiwalisha nyama nyama tumbo linavimba, anaacha kula, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, na akifika hapo kumuokoa ni kazi.

Dalili za ugomvi: mapezi yamechanika, mmoja kajibanza kona ya juu nyuma ya filta, mzima wa afya ila haji kula. Huyo mtoe leo leo.

Kwa lita 54 ningeanza na gapi madume sita, basi. Wanatiwa watatu, wiki mbili baadae watatu. Ukichukua majike jua wanazaa karibu kila mwezi, hata bila dume ndani, maana wanatunza mbegu za dume wa zamani, na miezi sita mbele utakuwa unatafuta watu wa kuwagawia.

Kuhusu chakula kinachoua taratibu: mkate, ugali, wali. Vinavimba, vinaoza, vinachafua. Chakula cha samaki kidogo mara moja au mbili kwa siku, kiishe ndani ya dakika mbili. Samaki aliyevimba tumbo bila magamba kusimama mfungishe siku mbili afu mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Magamba yakisimama kote kama nanasi, pole mkuu, wachache sana wanapona hapo.

Madoa meupe kama chembe za chumvi

Huu sasa ni ugonjwa kweli, ni mdudu anayejichimbia kwenye ngozi. Samaki anajisugua kwenye mawe, siku mbili tatu baadae madoa. Dawa haimpati akiwa ndani ya ngozi, inampata tu akishatoka na watoto wake wanaogelea kutafuta samaki mwingine, ndo maana ukitibu siku mbili ukaacha anarudi. Pandisha joto taratibu mpaka nyuzi 30 ili mzunguko wake uende mbio, ongeza hewa, chumvi gramu 2 kwa lita ukiigawa ndani ya masaa 24, endelea wiki mbili hata kama madoa yamepotea. Chumvi haivukizwi, kwaiyo ukibadilisha maji rudisha ile tu iliyotoka. Mara nyingi anaingia na samaki mpya, hivo samaki mpya akae kwenye beseni peke yake wiki mbili tatu na sponji yake.

Mwaka mzima wako freshi, umesafisha vizuri, kesho yake wamekufa wote

Hii inauma kuliko zote. Tenki likikaa miezi bila kubadilishwa maji, unajaziliza tu yaliyokauka, asidi inajijenga na pH inashuka polepole, hasa kama unatumia maji ya mvua ambayo hayana madini ya kuizuia. Samaki wanazoea. Kwenye pH ya chini amonia iliyopo inakuwa karibu haina makali, imelala. Siku unatoa maji nusu unatia ya kisima yenye pH 8, inaamka yote kwa mpigo, na mwenye samaki anaapa maji mapya yalikuwa na sumu. Ukirithi au kununua tenki la namna hiyo, toa asilimia kumi tu kila siku mbili, kwa wiki mbili au tatu, huku filta umeiacha kama ilivyo, ndo baadae uhamie kwenye robo kila wiki.